Salim anakaribia miaka 21: nimkatie bima ya kampuni au nibaki na SHA?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Likoni, Mombasa. Nimelifupisha kwa ruhusa yake. SHA anayoitaja ni bima ya afya ya serikali.

"Nina watoto watatu. Kifunguamimba wangu Salim ana miaka 20. Ana mtindio wa ubongo na kifafa, hatembei, na husema nasi kwa macho na kwa mkono wa kushoto. Baba yake ni bawabu, mshahara wake ni shilingi 20,000 na kila mwezi hukatwa pesa za SHA. Mimi huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Jirani ameniambia Salim akitimiza miaka 21 atatolewa kwenye SHA ya baba yake. Sasa kuna ajenti wa bima amenijia na mpango wa familia wa shilingi 35,000 kwa mwaka. Anasema kwenye fomu nisiandike habari ya ulemavu wa Salim, ati itachelewesha mambo. Nimeshaanza kuweka akiba. Nilipe? Na siku mimi sipo, nani atamtibia mwanangu?"

Mama Salim, usilipe hizo 35,000. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua ajenti atarudi kabla hujamaliza kusoma. Mengine tutazungumza taratibu.

Jirani yako amesema nusu ya habari. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, ndiyo iliyoleta SHA badala ya NHIF, bima ya zamani ya serikali, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, inamhesabu mtoto wa mchangiaji mpaka miaka 21 ikiwa hana pato lake na anaishi na mzazi. Akiwa bado masomoni muda wote, hufika miaka 25. Hapo ndipo jirani alipoishia. Lakini kuna kundi la tatu, na Salim yumo humo: mtu mwenye ulemavu anayeishi na mchangiaji na kumtegemea kwa kila kitu. Huyo hakuwekewa ukomo wa umri. Salim anaweza kufika miaka 30 akiwa bado chini ya jina la baba yake, mradi mambo mawili yawe yameandikwa: kwamba ana ulemavu, na kwamba anawategemea nyinyi.

Neno kubwa hapo ni "yameandikwa". Wewe unajua Salim ana mtindio wa ubongo tangu alipochelewa kuinua shingo. Mtaa mzima unajua. Karani wa SHA hajui, na kompyuta yake haijui. Mpaka leo Salim alikuwa mtoto tu, na mtoto haulizwi. Akivuka miaka 21 bila cheti cha ulemavu, mbele ya mfumo atakuwa kijana mzima wa Likoni ambaye yatarajiwa akatafute pesa zake za bima. Kwa hiyo kazi yako ya miezi hii ni kupata cheti, na ukishakipata, swali la bima ipi litapungua uzito sana.

Cheti hutoka kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lakini safari huanzia hospitali. Kuna hospitali za serikali zilizo na jopo la kupima ulemavu. Ulizia tarehe za jopo katika hospitali ya kaunti ndogo hapo Likoni au Coast General kabla hujambeba Salim, kwa kuwa jopo halikai kila siku. Nenda na kitambulisho chake, picha za pasipoti, na makaratasi yote ya kliniki uliyonayo, hasa ya kifafa. Baada ya kupimwa, ripoti hupelekwa kuidhinishwa Wizara ya Afya, kisha Baraza humsajili na kumpa namba. Maombi siku hizi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kama simu yako inakusumbua, dawati la Huduma Centre watakusaidia.

Kama Salim hana kitambulisho cha taifa, basi anza na hicho. Ana miaka 20, alistahili kukichukua miwili iliyopita, na bila hicho kila dirisha litakurudisha. Wazazi wengi hawaendi kumchukulia mtoto wa hali hii kitambulisho kwa kuona kwamba hana haja nacho. Ana haja nacho kuliko nduguze. Mwone chifu, mweleze kijana hawezi kufika kwa miguu. Wasajili hutoka kwenda mitaani mara kwa mara na chifu ndiye anayejua siku zao.

Nataka nikae kidogo kwenye siku ya jopo, kwa kuwa hapo ndipo nimeona mama wengi wakijiharibia bila kujua.

Daktari atakuuliza: anakula mwenyewe? Na wewe, kwa mapenzi, na kwa sababu umetumia miaka 20 kumtetea mbele ya watu wanaomwangalia kama gogo, utasema, "Anajaribu, daktari. Juzi alishika kijiko." Daktari ataandika kwamba anakula kwa msaada kidogo. Kumbe ukweli wa nyumbani ni kwamba unamlisha uji saa nzima, kijiko kwa kijiko, umemwegemeza kifuani kwako ili asipaliwe, na asubuhi ya kifafa hali chochote. Mwambie daktari ya nyumbani. Eleza siku mbaya jinsi ilivyo: nani anamwosha, nani anamgeuza usiku na mara ngapi, nepi ngapi kwa siku, amelazwa mara ngapi mwaka uliopita kwa sababu ya kifua. Kueleza hivyo hakumvunjii Salim heshima. Lile jopo huandika kiwango cha ulemavu, na kiwango hicho ndicho kitakachosomwa na kila ofisi inayofuata. Andika kwenye daftari jioni ya kabla, usitegemee kichwa. Pale dirishani mtu husahau.

Sasa nirudi kwa ajenti.

Kabla ya kazi hii ya kuwasaidia watu wenye ulemavu kufuatilia matibabu yao, nilikaa miaka minane kwenye dawati la madai katika kampuni moja ya bima. Kazi yangu ilikuwa kupokea bili kutoka hospitalini na kuamua ilipwe au isilipwe. Siku moja ililetwa bili ya msichana wa miaka tisa. Alizaliwa na mgongo wazi, na maji yalijaa kichwani, hivyo aliwekewa mrija wa kuyatoa akiwa mchanga. Mrija ule uliziba, akapasuliwa haraka katika hospitali ya kibinafsi. Daktari aliandika kwenye ripoti, kama ilivyompasa, kwamba mrija uliwekwa mtoto akiwa na wiki sita. Nikatoa fomu ya bima ya familia ile. Swali la hali ya kuzaliwa nayo lilijibiwa "Hapana". Fomu yote ilijazwa kwa wino mweusi, kwa mwandiko wa haraka wa mtu aliyezoea fomu. Sahihi ya baba chini ilikuwa ya wino wa buluu, herufi moja moja, ya mtu asiyeandika kila siku. Nilijua kabisa ni nani aliyeandika lile "Hapana". Lakini sahihi ilikuwa ya baba. Dai lilikataliwa, bima ya nyumba nzima ikafutwa, na mama yao alikuwa na mimba ya miezi saba. Mhuri niliupiga mimi.

Ajenti anayekwambia usiandike, yeye ameshapata kamisheni yake siku unapolipa. Bima imejengwa juu ya kusema ukweli: kampuni hukubali kubeba hatari kwa jinsi ulivyoieleza, na ikigundua ulificha jambo zito ina haki ya kukataa dai na kuuvunja mkataba. Na watagundua. Mtindio wa ubongo hauna mahali pa kujificha. Utaandikwa kwenye kila karatasi ya hospitali tangu mapokezi. Ungelipa 35,000 mwaka huu, na 35,000 mwakani, na siku Salim analazwa ungejikuta huna kitu mkononi.

Je, ukiandika ukweli? Hapo una haki, na nataka uijue. Katiba yetu, ibara ya 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara ya 25 ya mkataba huo inataja bima ya afya waziwazi: watu wenye ulemavu wasibaguliwe, bima itolewe kwa haki na kwa masharti ya busara. Mwaka 2025 tukapata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu badala ya ile ya 2003. Kwa hiyo kampuni ikikwambia "huyu hatumchukui kwa kuwa ni mlemavu", waombe wakuandikie jibu hilo kwenye barua, kisha uipeleke kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Barua peke yake hubadilisha sauti ya mtu.

Lakini kampuni chache siku hizi hukataa hivyo hadharani. Wanachofanya ni kumwandikisha, kisha kwenye kurasa za nyuma wakaorodhesha yasiyolipiwa: hali za kuzaliwa nazo, magonjwa yaliyokuwapo kabla ya bima, kifafa, vifaa vya kusaidia mwili. Au wanayalipia kwa kikomo kidogo na baada ya kungoja miezi mingi, mara nyingi mwaka mzima. Ukisoma vizuri utakuta Salim amekatiwa bima ya malaria na ajali. Kisha itazame safu ya umri. Mipango mingi ya familia humhesabu mtoto mpaka miaka 18, au 25 akiwa chuoni. Salim ana 20 na hayuko chuoni. Inawezekana kabisa kwamba hata jina lake lisingeingia kwenye huo mpango, na ajenti wako hakutaja. Muulize swali hilo moja mbele ya baba Salim, uone atajibuje.

Sisemi bima za kampuni ni mbaya. Kwa mtu mwenye ulemavu aliyeajiriwa mahali penye wafanyakazi wengi, bima ya kundi ya mwajiri huwa nzuri kuliko zote, kwa kuwa hatari imegawanywa kwa watu wengi na mara nyingi kampuni haimchunguzi mmoja mmoja. Msomaji wetu aliye kazini na kiti chake cha magurudumu, hiyo ichukue kwa mikono miwili, na uulize kikomo cha magonjwa ya muda mrefu ni shilingi ngapi. Kisha ufuatilie msamaha wa kodi: mwenye cheti cha Baraza hasamehewi SHA, atakatwa asilimia 2.75 kama wenzake, lakini shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wake wa mwezi hazitozwi kodi ya mapato. Kodi hiyo ndiyo pesa ya dawa ambazo bima haikulipa. Kwa Mama Salim habari ni nyingine, kwa sababu anaulizia mpango mdogo wa familia kwa kijana ambaye karibu kila ugonjwa utakaompata utanasibishwa na hali aliyozaliwa nayo.

Basi tuiangalie SHA yenyewe, maana watu wengi wanailipa bila kujua wamelipia nini.

Baba Salim anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Kwa 20,000 hiyo ni shilingi 550 kwa mwezi, na mwaka mzima ni 6,600. Pesa hiyo inakuhudumia wewe mkewe na watoto wote. Huna haja ya kulipa ya pili kwa ajili ya mahamri yako maadamu yeye yuko kazini na umeandikishwa chini yake.

SHA ina mifuko mitatu, na Salim atapita kwenye yote. Wa kwanza ni wa afya ya msingi: zahanati na kituo cha afya. Huu hauulizi kama mchango umelipwa, unataka tu mgonjwa awe amesajiliwa. Dawa za kifafa za kila mwezi, kikohozi, vidonda vya kulalia vikiwa bado vidogo, anzia huko, wala usivuke feri kwa jambo ambalo muuguzi wa Likoni analiweza. Wa pili ndio ule wa michango ya kina baba Salim. Huo hulipia kulazwa, upasuaji, vipimo vikubwa, na huu ndio unaoangalia kama mchango umefika. Wa tatu ni wa dharura na maradhi mazito ya muda mrefu, ambao huingia pale kikomo cha mfuko wa pili kinapomalizika.

Kuhusu dharura, Salim akishikwa na kifafa kikapita dakika tano hakijaachia, au kikaachia na kurudi kabla hajapata fahamu, mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu, iwe ya serikali au ya mtu binafsi. Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kwanza wamtulize, mambo ya kadi baadaye. Mtu wa mapokezi akikuuliza pesa kwanza, itaje ibara hiyo kwa sauti, na mwite daktari wa zamu.

Kuna mitego miwili ya SHA ambayo nimeiona ikiwanasa watu kama nyinyi.

Mtego wa kwanza ni kusajiliwa kivyake. Kijana akipata kitambulisho, kuna shangazi au jirani mwema atakayechukua simu, abonyeze *147#, na kumsajili "ili asipitwe". Ameshamfanya Salim mkuu wa kaya yake mwenyewe. Mfumo utamhesabu kuwa anadaiwa mchango wake, ambao kwa asiye na ajira haupungui shilingi 300 kwa mwezi na hutakiwa ulipwe wa mwaka mzima kwa pamoja. Mama anafika hospitali usiku, kijana ana homa, karani anaingiza namba ya kitambulisho, anageuza kioo kidogo na kusema, "Huyu hajalipa." Na baba amekatwa mwezi uliopita! Basi kabla ya yote, jioni hii baba Salim abonyeze *147# kwa simu yake na aangalie majina ya wanaomtegemea. Salim yumo? Wewe umo? Tarehe za kuzaliwa ni zile za kwenye vyeti? Kama Salim ameshasajiliwa kivyake, mwende ofisi ya SHA na cheti cha ulemavu kikishatoka, aunganishwe chini ya baba yake kama mtegemezi mwenye ulemavu. Usiondoke dirishani mpaka uone jina lake limekaa. Omba kuonyeshwa.

Mtego wa pili ni mwajiri. Kampuni nyingi za ulinzi hukata pesa kwenye mshahara na kuchelewa kuzipeleka. Sheria inamtaka mwajiri awe amezipeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Karatasi ya mshahara inaonyesha tu kwamba pesa zimetoka kwa baba Salim, haionyeshi kama zimefika. Kila tarehe 10 aangalie kwenye simu. Zisipofika miezi miwili, aulize ofisini kwa upole, awe na wenzake, kwa maana jambo hili humpata kila bawabu wa kampuni ileile. Na siku akiachishwa kazi, msikae. Ajisajili upya kama asiye na ajira rasmi, ajibu maswali ya kupima uwezo wa kaya, paa la nyumba, maji, choo, umeme, na ayajibu kwa ukweli, bila kujikweza. Nimewaona wanaume wanaona haya kusema nyumba ni ya makuti, kisha wanapangiwa mchango wasioumudu. Kiasi cha mwaka kikiwa kizito, kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipa kidogo kidogo.

Alama za vidole pia. Mkono wa kulia wa Salim, kama ulivyonieleza kwa simu, umekunjika na vidole havifunguki vizuri. Hospitali hutaka alama za vidole kuthibitisha mgonjwa. Mkiwa ofisi ya SHA, waambie wamchukue mkono wa kushoto, uoshe na kuupasha joto kwa maji ya uvuguvugu kabla hamjatoka nyumbani, misuli hulegea. Isipowezekana kabisa, waandike hivyo kwenye kumbukumbu zake siku hiyohiyo, ili usianze kubishana usiku wa manane na mtu wa mapokezi.

Kisha yako mambo ambayo usiyatafute kwenye bima. Kiti cha magurudumu, mlango wa kwanza ni Baraza lenyewe, lililo na mfuko wa kuwapa watu wenye ulemavu vifaa. Ombi lake lataka ile namba ya usajili, ndiyo sababu nyingine ya kukimbilia cheti. Hapo Mombasa vilevile kuna APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoanzishwa 1958, ambao karakana yao ya Bombolulu imejulikana tangu 1969. Usipokee kiti chochote tu cha msaada kwa sababu ni cha bure. Salim hana nguvu ya kiwiliwili. Kiti cha hospitali cha turubai kitamkunja mgongo, mgongo ukikunjika mapafu yanabanwa, na kile kifua kinachomlaza kila mvua za masika kitazidi. Apimwe, awekewe kishikilio cha kichwa na mkanda wa kifuani.

Ulizia pia Inua Jamii, msaada wa pesa wa serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali. Hupitia kwa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii. Watauangalia mshahara wa baba, na huenda wakasema mna pato. Omba tu, jina liwe kwenye daftari, hali ya nyumba hubadilika.

Zile pesa ulizokwisha kuweka, kama zingekuwa zangu ningezigawa. Sehemu iende kwenye nauli na picha na siku utakazokosa kuuza ukifuatilia makaratasi haya; siku hizo ni hasara ya kweli wala hakuna ofisi inayozihesabu. Iliyobaki uifungie kwenye chama au SACCO kwa jina la Salim, iwe ya yale ambayo SHA haitalipa: nepi, dawa ya kifafa siku zahanati imeishiwa, gari la usiku. Dawa ya kifafa isikatike hata siku mbili, maana kuikatisha ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali kuliko kile cha kawaida yake. Weka akiba ya wiki mbili nyumbani, siku zote. Na mgongo wako, Mama Salim. Kijana wa miaka 20 anayebebwa na mama yake kila siku, huyo mama ana maumivu asiyoyasema. Umo kwenye SHA hiyohiyo. Nenda ukapimwe.

Uliuliza mwisho kuhusu siku ambayo hutakuwepo. Hili nalo lina kazi yake, na kazi hiyo mnaweza kuianza mkiwa hai. Mchango wa baba utakapokoma, Salim atasajiliwa kivyake, na hapo kule kupima uwezo kutasomeka kwamba hana pato lolote. Sheria inasema watu wasiojiweza waliotambuliwa, serikali ndiyo inayowalipia. Ili atambuliwe atahitaji kitambulisho, namba ya Baraza, na mtu mzima mmoja anayejua vilipo. Kwenye barua yako umetaja binti yako wa miaka 17. Umchukue siku ya jopo. Aketi karibu akusikie ukieleza siku mbaya. Nunua mfuko wa plastiki wenye zipu, utie ndani nakala za kila karatasi, jina la kila dawa na kipimo chake, tarehe ya kliniki, namba ya SHA ya baba yake, uutundike nyuma ya mlango pasipofikiwa na maji. Kisha mwezi ujao, kwenda kuchukua dawa, mtume yeye na Salim, nawe ubaki na mahamri yako.